Usingizi wa Kiazi

Kiazi kilichochimbwa leo hakichipui kesho. Ukirudishe ardhini saa hiyohiyo, ukipe udongo mweusi wa Masereka, samadi iliyooza vizuri na mvua isiyokatika, kitakaa kimya tu. Macho yake yapo, unayapapasa kwa kidole, lakini yamefumba. Mwezi utapita, kwa aina fulani hata miezi mitatu, na siku moja, bila kuamriwa na mtu, jicho la kichwani litafumbuka. Wataalamu wa mimea wanaeleza kwamba ndani ya kiazi mna homoni ya kulaza, asidi absisiki, inayopungua polepole huku homoni za kuotesha zikipata nguvu, hadi upande wa pili unazidi. Joto huharakisha jambo hilo, baridi hulichelewesha, lakini hakuna kinacholifuta. Kiazi kinalala kwa sababu ni kiazi, si kwa sababu ya hali ya hewa.

Nilianza kuufikiria usingizi huu kwa sababu ya ua. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anaishi Liège, Ubelgiji, na nyuma ya nyumba yake amepanda dalia. Kila mwaka, Oktoba ikielekea kwisha au Novemba ikianza, jalidi ya kwanza hushuka usiku, na asubuhi majani yote ya dalia yamelegea na kuwa meusi. Hapo ndipo anapochukua uma wa bustani. Anakata mashina, anaacha kipande kifupi kinachotosha kushikwa, anachimba kwa mbali ili asijeruhi, anakung'uta udongo, anaanika chini ya paa siku chache. Halafu anafunga kibandiko chenye jina la rangi kwenye kila fungu, anapanga mizizi ndani ya makasha yenye unga wa mbao, na kuyashusha kwenye chumba cha chini ya nyumba ambako joto linakaa nyuzi tano hivi. Kila mwezi anashuka na taa kukagua. Chumba kikiwa na unyevu mwingi, mizizi inaoza. Kikiwa kikavu mno, inanywea. Hata Mei, jalidi ikiisha, inarudi ardhini.

Siku moja alinionyesha makasha hayo kwenye simu. Nikamuuliza, "Yaya, kwa nini usiiache ardhini tu?"

"Itakufa, mdogo wangu. Huku ardhi yenyewe inaganda."

Nikamwambia kwamba kule Masereka, kwa mama mkubwa, mbegu za viazi nazo zimepangwa ndani, juu ya vichanja, miezi na miezi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sijaacha kulizungusha kichwani: "Lakini kwenu hakuna baridi ya kuua kitu. Ninyi mnaificha mbegu na nini?"

Dalia ni mmea wa milima ya Mexico. Wenyeji wa huko waliijua, na mizizi yake ilikuwa chakula, kabla meli za Wahispania hazijatia nanga. Mwaka 1789 mbegu zake zilisafirishwa kutoka bustani ya mimea ya jiji la Mexico mpaka Madrid, na mwaka 1791 padri Antonio José Cavanilles, mtaalamu wa mimea, akalipa ua hilo jina la Anders Dahl, Mswidi aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus, ambaye wakati huo alikwishafariki. Ulaya iliitazama dalia kwanza kama chakula. Walijaribu kuipika, ladha ikawashinda, wakabaki na maua. Ugonjwa wa viazi ulipoiangusha Ireland katika njaa kuanzia mwaka 1845, walikuwako waliofikiri tena kwamba dalia ingeweza kushika nafasi ya kiazi. Haikuweza. Akiba ya kiazi ni wanga; akiba ya dalia ni inulini, ambayo tumbo la binadamu halina uwezo wa kuisaga. Unaweza kula ukashiba na bado mwili usipate nguvu ya maana.

Tofauti nyingine iko katika umbo, na hiyo nimeipenda zaidi. Kiazi cha kizungu ni shina, ingawa kinakaa chini ya udongo. Macho yake ni vifundo vya shina, yamezunguka mwili mzima, kwa hiyo ukikikata vipande vinne na kila kipande kikawa na jicho, umepata mimea minne. Dalia ni mzizi. Mwilini haina jicho hata moja. Macho yako shingoni tu, pale mzizi unapokutana na shina la mwaka uliopita. Ukiuvunja ukaacha shingo nyuma, una mzizi mnene, mzima, wenye maji na akiba yote, usioweza kuota kamwe. Yaya hukaa mezani na kisu kidogo akigawanya mafungu, na kazi yake yote ni kuhakikisha kila mzizi unaondoka na kipande cha mama yake.

Katika bustani za milima yetu dalia hukaa ardhini mwaka mzima. Hakuna anayeichimba, hakuna anayeiwekea kasha. Inachoka, inakauka juu, inachipua tena. Kiazi nacho kingeweza kuishi hivyo, na kweli huishi: baada ya kila mavuno vijiazi vilivyosahaulika huchomoza vyenyewe katikati ya maharagwe, na mkulima mwangalifu huving'oa, maana vinabeba magonjwa ya msimu uliopita. Kwa hiyo yaya alikuwa na haki ya kuuliza. Kama si jalidi, ni nini kinachotulazimisha kuchimba, kuchambua, kupanga, kungoja?

Masereka iko katika milima ya teritwari ya Lubero, Kivu Kaskazini, Kongo, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mchana na usiku vinagawana saa kwa usawa mwaka mzima. Kuna ukungu wa asubuhi, baridi inayowafanya wazee wavae makoti mazito mwezi wa saba, lakini hakuna majira ya baridi. Kuna mvua mbili na vipindi viwili vya kupungua kwa mvua. Wakulima huita sezoni A ile inayoanza Septemba, na sezoni B ile ya kuanzia Februari au Machi. Huku ndiko zinakotoka kabeji, karoti, liki na viazi vinavyouzwa Butembo na kushuka mpaka Beni. Na kwa miaka mingi mboga za milima hii zililisha hata Kisangani. Mashamba ni vipande vidogo vilivyolala ubavuni mwa mlima, na barabara ikiharibika mzigo hushuka kwa chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili ambalo kijana hulizuia kwa mguu kwenye mteremko.

Sasa tazama hesabu. Viazi vya sezoni B huchimbwa Juni na Julai. Vikilala miezi miwili na zaidi, vinaamka mvua za Septemba zikibisha hodi. Hapo kiazi na mbingu vinapatana. Lakini viazi vya sezoni A huchimbwa Desemba na Januari, na mvua ya Machi haingoji. Aina inayolala miezi mitatu itakuwa bado usingizini jirani wote wakipanda. Ndiyo maana katika nchi zenye mvua mbili wakulima hupenda aina zenye usingizi mfupi. Huko Kenya aina iitwayo Shangi ilienea shamba hadi shamba, mikononi mwa wakulima wenyewe, kabla haijatambuliwa rasmi, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba inaamka upesi. Sifa hiyohiyo ni hasara yake: inachipua ikiwa bado gunia liko sokoni, na mnunuzi hataki kiazi chenye pembe.

Mwenye aina inayolala sana hutafuta njia ya kuiamsha. Wako wanaochimba shimo, wakaweka viazi juu ya nyasi kavu na kuvifunika. Wako wanaovipeleka jikoni karibu na mafiga, joto na moshi vifanye kazi. Mama mkubwa hafanyi lolote kati ya hayo ila akibanwa. Anasema kiazi kilichoamshwa kwa nguvu kinatoa chipukizi moja, kikaishia hapo. Na ni kweli: jicho la kichwani likiamka kwanza, huyazuia mengine yote, na mmea hutoka na shina moja. Kiazi kikisubiriwa wiki chache zaidi, ule ubabe wa jicho la kichwani hulegea na macho ya pembeni hufumbuka, yakawa matatu, manne, mafupi na manene. Hiyo ndiyo saa ya kupanda. Ikipita, kiazi huanza kuzeeka: chipukizi hurefuka na kuwa nyembamba kama nyuzi, ngozi inajikunja, na ukikipanda hutoa vishina vingi dhaifu na viazi vya ukubwa wa gololi.

Kwa hiyo kati ya kulala kupita kiasi na kuzeeka kuna dirisha. Ni la majuma machache. Kazi ya mtunza mbegu, nilivyokuja kuielewa baada ya kukaa kwenye kigoda mbele ya vichanja vile, ni kuwapo dirisha hilo linapofunguka. Kulinda peke yake hakutoshi. Yaya akichelewa kidogo Mei, dalia zake zitamvumilia. Viazi vya mama mkubwa havina uvumilivu huo.

Chumba chenyewe hakina makuu. Ni kibanda cha miti chenye paa la nyasi, kuta zake zimeachwa na nafasi katikati ya miti ili mwanga uingie bila jua kupiga moja kwa moja. Ndani kuna vichanja vya matete vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na juu ya kila kichanja viazi vimetandazwa tabaka moja, mawili kwa wingi, visigandamane. Vimekuwa vya kijani. Mtu wa mjini akiviona hudhani vimeharibika. Kumbe hiyo ndiyo siri yote. Mwanga hafifu hufanya ngozi ya kiazi ijenge kijani, na pamoja na kijani hicho huongezeka sumu chungu iitwayo solanini, inayosaidia kuwafukuza wadudu. Chipukizi nazo, badala ya kurefuka zikitafuta njia gizani, hubaki fupi, ngumu, za zambarau, zisizovunjika zikitiwa kikapuni.

Njia hii ya mwanga hafifu ilienezwa duniani na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima, Peru, mwaka 1971. Lakini asili yake inastahili kusimuliwa, maana wataalamu wa kituo hicho walianza kwa kukosea swali. Walikwenda katika bonde la Mantaro wakitaka kuwasaidia wakulima kupunguza hasara ya viazi vya kula vinavyoharibika ghalani. Mwanaanthropolojia aliyekuwa miongoni mwao alikaa na wakulima akagundua kwamba wao hawakuiona hasara hiyo: kilichonywea kilikuwa kitamu zaidi, na kilichoharibika kililiwa na nguruwe. Kilichowasumbua ni mbegu, kwa sababu aina mpya zilizoletwa zilitoa chipukizi ndefu gizani na iliwalazimu kuzikata kabla ya kupanda. Baadaye Robert Rhoades na Robert Booth, wa kituo hichohicho, waliandika mwaka 1982 kwamba utafiti uanzie kwa mkulima na urudi kwa mkulima. Na mwanga hafifu wenyewe haukuwa mgeni kwa watu wote. Palikuwa na wakulima waliouzoea kabla mtaalamu hajafika na kipimajoto. Nalisema hili kwa sababu nimesikia mikutano mingi ambako mkulima wa mlimani anahutubiwa kana kwamba mbegu imeanza jana.

Nilipomuuliza mama mkubwa kwa nini anazifanya mbegu zake kuwa za kijani, hakutaja chipukizi wala wadudu.

"Mwanangu," alisema, "kikiwa cheupe kitaliwa."

Hapo nikapata jibu la kwanza la swali la yaya. Tunaificha mbegu na kinywa. Kiazi ni mbegu ya ajabu kwa kuwa ni chakula kilekile, kikubwa, kizito, kilicho tayari kwa sufuria. Anayelima mahindi huhitaji kilo ishirini au ishirini na tano hivi kwa hekta nzima. Huweza kuzining'iniza juu ya moto akasahau. Anayelima viazi huhitaji karibu tani mbili kwa hekta: mimea 40,000, kila mmoja ukizaliwa na kiazi cha gramu 50. Hata mwenye kipande cha sehemu ya kumi ya hekta lazima aweke kilo 200 ndani ya nyumba, magunia mawili ya chakula, akayatazama kwa miezi miwili huku watoto wakirudi kutoka shule na njaa. Septemba ndiyo pia mwezi wa karo na sare za shule. Mnunuzi kutoka Butembo anapita na pesa mkononi. Kila kiazi kilicho juu ya kichanja ni chakula ambacho mama amekataa kukipika na pesa ambayo amekataa kuipokea, siku baada ya siku. Sijui kazi nyingine ya shamba inayodai ukakamavu wa namna hiyo bila kelele, na katika nyumba nyingi ukakamavu huo ni wa wanawake. Kijani kinawasaidia: kikishaingia, mjadala nyumbani umekwisha, hakiliwi tena.

Lakini kinywa hushinda kwa njia nyingine, ya kificho zaidi. Baada ya mavuno, viazi vikubwa huuzwa, vya kati huliwa, na vidogo vinavyobaki huitwa mbegu. Inaonekana ni busara. Udogo wenyewe hauna dhambi, kiazi cha ukubwa wa yai ni mbegu nzuri kabisa. Taabu ni kwamba mmea wenye ugonjwa huzaa viazi vidogo vingi. Kwa hiyo anayechagua vidogo ghalani, msimu kwa msimu, bila kujua anachagua wagonjwa. Virusi vinavyokunja majani huingia kwenye kiazi na kulala nacho, vinaamka nacho. Mnyauko wa bakteria ni mbaya zaidi. Mmea unasinyaa ukiwa bado kijani, na ukikata shina lake ukalitumbukiza katika glasi ya maji safi, utaona nyuzi nyeupe za usaha zikishuka polepole. Kiazi kutoka mmea wa namna hiyo kinaweza kuonekana safi mpaka dakika ya mwisho.

Dawa ambayo mkulima anaweza kuimudu haiko ghalani, iko shambani, wiki nyingi kabla ya kuchimba. Viazi vikitoa maua, unapita mistari na vijiti mkononi. Kila mmea wenye afya, mrefu, wa kijani kamili, unauchomekea kijiti. Wiki kadhaa baadaye unapita tena na kung'oa kijiti kwa mmea uliougua. Siku ya kuvuna unaanza na yenye vijiti, mmoja mmoja, na humo ndimo unamochukua mbegu. Nchini Kenya, Kituo cha Kimataifa cha Viazi na washirika wake walianza kuwafundisha wakulima njia hii mwaka 2004, na mashambani kwa wakulima wenyewe mavuno yaliongezeka kwa wastani wa karibu theluthi moja. Bila pesa ya mbegu mpya. Mama mkubwa ana rundo la vijiti vya mkalitusi nyuma ya jiko kwa ajili hiyo, na mtoto akivichukua kuwashia moto atasikia.

Nilipokuwa nikisoma kuhusu aina za viazi vya nyanda zetu, nikakutana na kitu kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Aina ya Cruza, ambayo imelimwa Rwanda, Burundi na Kivu kwa muda mrefu na inayopendwa kwa kustahimili mnyauko, asili yake ni Mexico. Sangema nayo vilevile. Ziliingia eneo la Maziwa Makuu kupitia mpango wa viazi ulioanzishwa Ruhengeri, Rwanda, mwaka 1979. Sababu ya kutoka Mexico ni hii: katika bonde la Toluca, karibu na jiji la Mexico, ule ugonjwa ulioiua Ireland una nguvu na aina nyingi mno, hivi kwamba kiazi kisicho na kinga hakimalizi msimu. John Niederhauser, Mmarekani aliyefanya kazi huko kwa miongo mingi na kupewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1990, alilifanya bonde hilo kuwa uwanja wa majaribio kwa viazi vya dunia nzima. Kinachopona Toluca kinaweza kupona mvua za Lubero, ambako ugonjwa huo, mildiu, hushuka na ukungu na kuunguza shamba kwa wiki moja.

Basi dalia ya yaya pale Liège na Cruza ya Masereka zimetoka katika nyanda za nchi moja. Moja imepita Madrid, nyingine imepita Ruhengeri. Moja inalazwa ndani ya unga wa mbao kwa sababu nchi iliyoipokea ina majira ambayo haikuzaliwa nayo. Nyingine imefika mahali panapofanana sana na kwao, mwinuko na mvua, ikawa haidai chochote ila mtu wa kuitazama.

Mtu huyo ndiye hapatikani tena kwa uhakika. Hapa inanibidi niseme jibu la mwisho la swali la yaya, ambalo kwenye simu sikuweza kulisema.

Mwishoni mwa Juni 2024, Kanyabayonga, mlango wa kusini wa Lubero, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Watu walikimbia kaskazini kwa maelfu, kwa miguu, kwa pikipiki, magodoro kichwani. Desemba mwaka huohuo mapigano yakafika Alimbongo, na wengine wakakimbia tena. Upande mwingine, tangu Oktoba 2014, vijiji vya Beni vimezoea kuhesabu waliouawa, na mauaji hayo yameshuka mpaka magharibi mwa Lubero. Haya yameandikwa na kutangazwa. Sijaona palipoandikwa kwamba Juni na Desemba ni miezi ya kuchimba viazi. Mara zote mbili vita vilifika mbegu ikiwa bado ardhini au imetoka ardhini siku ileile, haijaanza hata kulala.

Aliyekimbia Juni aliacha nini? Akiwa na maharagwe, alifunga kilo mbili katika kitenge na kwa hizo mbili anaweza kuanza tena, kidogo kidogo. Viazi vya kilo 200 havibebeki na mtoto mgongoni. Akiviacha juu ya kichanja, vinaliwa na wenye bunduki, au, kama nyumba imebahatika, vinabaki. Na hapo ndipo ukatili wa ile kalenda ya ndani unapoonekana. Kiazi kilichobaki hakijui kwamba mwenyewe amekimbia. Kinaamka Septemba vilevile, kwenye nyumba tupu, kinatoa chipukizi zake nne nzuri, kinangoja mkono wa kukipeleka shambani, hakuna, kinaendelea kurefuka. Mwenyewe akirudi Novemba atakuta lundo la nyuzi zilizosokotana na viazi vilivyokunjamana. Hakuna aliyeiba kitu. Msimu umepotea wote.

Ninajua kwamba mtu anayekimbia risasi hafikirii chipukizi. Lakini sisi tulio nje ya hatari, tunaoandika ripoti na kupanga misaada, inatupasa kufikiri kwa niaba yake. Hesabu za hasara zinataja hekta, magunia, ng'ombe. Hazitaji muda, na katika kilimo cha viazi muda ndio mali. Mbegu za mahindi na maharagwe hupakiwa, hucheleweshwa na vizuizi vya barabarani, hufika mwezi mmoja baadaye na bado zinaota. Mbegu ya kiazi ikifika mwezi mmoja baadaye inafaa kwa nguruwe. Ikifika mapema mno, ikiwa bado imelala, na ikapewa familia yenye njaa, italiwa usiku ule, na nani atathubutu kuwalaumu? Msaada wa kweli kwa mkulima wa viazi aliyehama ungeletwa ukiwa wa kijani tayari, chipukizi zikiwa na urefu wa ukucha, wiki ileile ya mvua. Jambo hilo haliwezi kupangwa kutoka mbali. Linaweza kupangwa kutoka Masereka, kwa sababu mbegu iko hapo hapo, juu ya vichanja vya wenyeji wanaowapokea wageni, na kituo cha utafiti cha INERA cha Ndihira kiko katika milima hiyohiyo.

Wenyeji hawakungoja mpango. Mama mmoja aliyetoka upande wa Kirumba na watoto wake alipewa chumba kwa jirani, na mwezi wa tisa akakodishiwa ukanda wa shamba kwa ahadi ya kulipa mavuno yakitoka. Alikuja kwa mama mkubwa kuomba mbegu. Nilikuwapo. Walizungumza muda mrefu kwa Kinande, kwa sauti ya chini, habari za njiani na za waliobaki nyuma, kabla kiazi hakijatajwa. Halafu mama mkubwa alimwingiza kibandani, akamwachia achague mwenyewe: vyenye chipukizi tatu, visivyo na jicho linalotoa machozi.

Masharti yalikuwa mafupi. Debe moja sasa, madebe mawili Januari. Na viazi vya kurudisha viwe vimetoka kwenye mimea yenye vijiti, virudishwe wiki ileile vinapochimbwa, vikiwa bado vimelala, maana anataka kuviwekea mwanga yeye mwenyewe na kuviona vikiamka kabla ya mvua ya Machi. Yule mama akauliza vijiti ni vya nini. Wakatoka pamoja kwenda nyuma ya jiko.